Mawe ya nyongo: kuna aliyeyatoa kwa mafuta ya zeituni na ndimu akapona kweli?

MpikaChapati (Umoja)

Habari zenu wanajukwaa. Nina swali, na ningeomba anijibu mtu aliyepitia jambo hili mwenyewe.

Nina miaka 41 na watoto watatu, kitinda mimba ana miaka miwili. Nauza chapati na maharagwe karibu na steji. Naamka saa kumi alfajiri kukanda unga, na kusema kweli huwa sitii kitu mdomoni hadi wateja wa mchana wapungue, kama saa nane hivi. Mwezi wa tatu nilianza kushikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, yanazunguka hadi mgongoni, chini ya bega. Huja usiku, saa nne au saa tano, hasa nikila chapati zilizobaki na supu ya mifupa. Yakinishika siwezi kulala wala kukaa. Natembea chumbani kutoka kitandani hadi mlangoni, mlangoni hadi kitandani, mpaka saa nane za usiku. Halafu yanaachilia yenyewe, na asubuhi ni kama hakuna kilichotokea.

Nimetibiwa vidonda vya tumbo mara mbili. Mara ya kwanza kwenye kemisti, mara ya pili kwenye kliniki moja ambako nilipewa dawa za bakteria wa pylori bila kupimwa chochote. Nilimeza zote wiki mbili, na siku ya tatu baada ya kumaliza, maumivu yakarudi. Mwezi jana ndipo daktari mwingine akanituma kupigwa skani. Karatasi inasema kifuko cha nyongo kina mawe matatu, kubwa ni la milimita 14. Akasema tiba ni kukitoa kifuko chote.

Hapo ndipo nimekwama. Mama yangu alipasuliwa tumbo nikiwa darasa la nne na alikaa miezi mitatu bila kuinua hata ndoo. Mimi nikifunga kibanda hata wiki tatu, wateja wanahamia kwa mwenzangu wa upande wa pili wa barabara, na karo ya muhula inaningoja. Dada mmoja tunayeimba naye kwaya ameniletea karatasi ya maelekezo. Unakunywa juisi ya tufaha lita moja kila siku kwa siku tano. Siku ya sita huli mafuta, jioni unakunywa chumvi ya Epsom mara mbili, na saa nne usiku nusu kikombe cha mafuta ya zeituni na maji ya ndimu, kisha unalalia ubavu wa kulia. Alfajiri mawe yanatoka chooni, ya kijani. Amenionyesha picha kwenye simu, yamejaa kichujio cha chai. Tena kuna mzee Gikomba anauza unga wa mizizi, wa mwezi mmoja ni shilingi 3,500, lakini hasemi ni mizizi ya mti gani.

Yanatoka kweli? Na kuna chakula kinachoyayeyusha? Nimeambiwa manjano kwa maji moto, siki ya tufaha, juisi ya bitiruti. Chupa ya mafuta ya zeituni nimeshainunua, iko kwa kabati. Sijaifungua.

ZeituniWaKayole

Pole dada yangu, hayo maumivu nayajua, ni kama mtu anakupindua mbavu. Mimi nilifanya hiyo dawa mwezi wa Januari, nikifuata maelekezo hayohayo uliyopewa, na sitakuficha kitu. Usiku ule ni mgumu. Kuyameza yale mafuta ni kazi, nilitapika kidogo, na tumbo liliendesha hadi nikakosa nguvu. Lakini alfajiri nilitoa mawe 47. Niliyahesabu. Mengine makubwa kama punje ya mahindi, mengine kama maharagwe ya njano, yote kijani. Niliyaosha nikayaweka kwenye chupa ya jemu nikayahifadhi kwenye friza, kwa sababu nilijua mume wangu hataamini.

Nilikaa miezi minne bila maumivu. Mwezi wa tano yalirudi mara moja, na mara moja tena wiki iliyopita, lakini naona ni yale yaliyobaki, nitarudia. Hakuna aliyenigusa na kisu. Mungu ametupa dawa kwenye mimea, jaribu.

NesiMstaafu (Buruburu)

Mwanangu MpikaChapati, pole kwa hizo safari za kitandani hadi mlangoni. Nimekuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Nairobi kwa miaka 26. Mawe ya nyongo nimeyapokea kwenye bakuli kwa mikono yangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nitaandika kirefu, nivumilie, maana swali lako ni la maana na nisingependa ufungue hiyo chupa kabla hujanisoma.

Ini lako hutengeneza nyongo nusu lita hadi lita nzima kila siku. Kifuko chenyewe ni kidogo, hubeba mililita 30 hadi 50 tu, na kazi yake ni kuitunza na kuikoleza. Ukila mafuta, kifuko hujikamua na nyongo hushuka utumboni kuyasaga. Sasa, nyongo ikiwa na kolesteroli nyingi kuliko inavyoweza kuibeba, au ikituama muda mrefu kifukoni, ile kolesteroli hujitenga punje punje, na punje hukua mwaka baada ya mwaka. Wanawake tunapata zaidi ya wanaume, na ujauzito huongeza. Wewe umezaa watatu. Usiku ukila supu yenye mafuta, kifuko kinajikamua, jiwe linasukumwa linakwama kwenye shingo ya kifuko, nacho kinaendelea kukamua juu ya kizibo. Hayo ndiyo maumivu. Jiwe likirudi nyuma, yanakatika.

Yanakatika yenyewe, mwanangu. Hilo naomba ulishike kuliko yote nitakayosema. Mtu akishikwa usiku mmoja, anaweza kukaa wiki, au miezi, bila kushikwa tena hata asipofanya lolote. Basi chochote alichokunywa asubuhi yake ndicho kitakachopewa sifa, iwe ni mafuta, unga wa mizizi au maji ya bomba. Dada Zeituni, sikudharau, na najua ulichokiona chooni ulikiona kweli. Miezi yako minne ya nafuu ni ya kweli pia. Lakini ndivyo ugonjwa huu ulivyo, na mawe yako nadhani bado unayo.

Haya, yale ya kijani. Mwaka 2005 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha barua ya wataalamu wa New Zealand kuhusu mwanamke wa miaka 40 aliyefanya kama ulivyofanya wewe. Alikunywa juisi bila chakula hadi jioni, kisha mililita 600 za mafuta ya zeituni na 300 za maji ya ndimu. Alitoa mawe ya kijani, akayaweka kwenye friza, akayapeleka kwa daktari. Maabara waliyapima. Hayakuwa na kolesteroli, wala bilirubini, wala kalsiamu. Sehemu kubwa, kama asilimia 75, ilikuwa asidi za mafuta. Yalipopashwa nyuzi 40 kwa dakika kumi yaliyeyuka yakawa kimiminika cha kijani. Ilikuwa sabuni, iliyotengenezwa tumboni kwa mafuta ya zeituni yenyewe na potasiamu ya ndimu. Yale mawe halisi yalikuwa bado kifukoni, na mwishowe yalitolewa kwa upasuaji.

Nyuzi 40 ni joto la mtu mwenye homa. Jiwe la kweli linaishi ndani ya mtu miaka kumi kwa nyuzi 37, na mgonjwa akipata homa haliyeyuki. Niliyoyashika mimi ni magumu, ukiyatikisa kwenye bakuli la chuma yanalia. Mengine yana pande bapa kwa kusuguana. Rangi ni ya hudhurungi, manjano, mengine meusi tii.

Tena angalia vipimo. Mfereji mkuu unaopeleka nyongo utumboni upana wake ni kama milimita 6, na ule wa kutoka kifukoni ni mwembamba zaidi. Jiwe lako ni 14. Litapita wapi? Mafuta nusu kikombe kwa mkupuo mmoja yanakikamua kifuko kwa nguvu kuliko supu yoyote uliyowahi kunywa. Yale mawe yako mawili madogo yakisukumwa hadi kwenye mfereji mkuu yakakwama, macho yanakuwa ya manjano, au kongosho linavimba, na hapo ni kulazwa kwa dharura. Na hiyo chumvi ya Epsom ni magnesiamu, mwenye figo dhaifu inaweza kumdhuru. Juisi tupu siku tano kwa mgonjwa wa kisukari pia ni hatari.

Kuhusu manjano, kidogo kwenye mchuzi haina neno. Lakini kijiko kizima kwa maji moto kila siku sikushauri, kwa sababu manjano hukifanya kifuko kijikamue, na kwa mwenye mawe huko ni kuchokoza. Siki inaishia tumboni, ambako kuna asidi kali kuliko siki, haifiki kwenye kifuko. Bitiruti ni chakula kizuri, kula. Ule unga wa Gikomba mimi nisingeunywa. Nyanya yangu alinilea kwa mwarobaini na namheshimu hadi leo, lakini alinionyesha mti wenyewe, na alijua kipimo. Mtu asiyekutajia mti anachokupa, ini lako ndilo litakalougundua.

Kuna dawa moja tu ya kumeza ninayoijua inayoyeyusha mawe, na ajabu yake imetoka kwenye tiba za kienyeji. Wachina walitumia nyongo ya dubu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wanasayansi walipoichunguza wakapata ndani yake asidi iitwayo ursodioksikoliki, na lile neno urso ni la Kilatini, dubu. Siku hizi hutengenezwa viwandani bila dubu, na daktari anaweza kukuandikia. Ila ina masharti. Mawe yawe ya kolesteroli, madogo, chini ya milimita 10, yasiwe na kalsiamu, na kifuko kiwe bado kinajikamua vizuri. Unaimeza miezi sita hadi miaka miwili, na karibu nusu ya waliopona hupata mawe tena ndani ya miaka mitano. Kwa jiwe la 14 sidhani daktari atakuahidi mengi, lakini muulize, ni haki yako kujua kwa nini hakuitaja.

Chakula. Hapa una kazi ya kufanya leo hii. Wewe huli kuanzia usiku hadi saa nane mchana. Saa zote hizo nyongo imetuama kifukoni inakolea, halafu usiku unaipa kazi ya ghafla ya mafuta. Ungekuwa binti yangu ningekuambia ule kitu saa moja asubuhi, hata kama ni uji na ndizi, umesimama kibandani. Usikate mafuta yote, maana kifuko kisichojikamua hutuamisha nyongo zaidi. Kula kidogo kidogo na mapema jioni. Maharagwe unayowauzia watu ndiyo uyale wewe, na sukuma, managu, terere, ugali wa unga usiokobolewa. Karanga za kuchoma pia. Wauguzi wa Marekani waliofuatiliwa miaka mingi, wale waliokula karanga na njugu mara kwa mara hawakutolewa kifuko kwa wingi kama wenzao. Kahawa nayo imeonekana kusaidia. Ila hivyo ni vya kupunguza nafasi ya kuyapata na kupunguza uchokozi. Jiwe lililokwisha kuwa jiwe, sukuma haitaliyeyusha. Na usijinyime kula ili ukonde haraka. Kupungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki ni njia mojawapo ya kuyatengeneza mawe.

Ungekuwa na mawe yasiyouma ningekuambia kaa nayo. Watu wengi wanayo na hawajui, wengi wao hayatawasumbua kamwe, na madaktari hawawapasui. Wewe yanakuuma, na yakianza kuuma kwa kawaida hurudi.

Kuhusu kisu, aliyopasuliwa mama yako siyo utakayopasuliwa wewe. Mwaka 1985 daktari wa Ujerumani, Erich Mühe, alikitoa kifuko kupitia matundu madogo na kamera, na njia hiyo imeenea duniani, hata hapa kwetu. Ni matundu manne hivi, wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Ini litaendelea kutengeneza nyongo na itashuka moja kwa moja utumboni. Wengine huharisha kidogo mwanzoni wakila mafuta mengi. Uliza hospitali kama wanafanya kwa matundu, na uliza SHA, ile bima ya afya ya serikali, itagharamia kiasi gani, kabla ya kupewa tarehe.

Na ukiona haya usingoje asubuhi: maumivu yanayodumu zaidi ya saa tano mfululizo bila kuachilia, homa na kutetemeka, macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, choo cheupe kama udongo wa mfinyanzi. Amka, amsha mwenye gari, nenda hospitali usiku huohuo.

MamaWaOtieno (Kibra)

Nesi asante, nimesoma mara mbili. Niongeze jambo moja kwa wazazi wenye watoto wa sikoseli. Kijana wangu ana miaka 13, na mwaka jana alipatikana na mawe ya nyongo. Nilijilaumu sana, nikawaza ni chipsi nilizokuwa nikimnunulia Jumamosi. Daktari wake akanieleza kuwa chembe zake nyekundu za damu huvunjika haraka, na mabaki yake, bilirubini, hujaa kwenye nyongo yakaganda mawe meusi madogo. Si mafuta, wala si chakula, na hata ile dawa ya dubu haiyagusi. Watu walinipa ushauri wa limau na zeituni kwenye kikundi cha kanisa, kwa upendo tu, na nilikaribia kumnywesha. Mtoto wa sikoseli akiendesha tumbo usiku mzima na kukaukiwa maji, si mawe tena, unamtafutia shida nyingine kubwa. Tafadhali msiwape watoto.

ZeituniWaKayole

Nesi, nilikasirika nilipokusoma jana. Nilifunga simu nikalala.

Leo asubuhi nimeitoa ile chupa kwenye friza. Nimechukua mawe matatu, lile kubwa mojawapo, nikayaweka kwenye kikombe, nikamwaga maji ya vuguvugu, yale ninayomwogeshea mtoto. Nimekaa nayo mezani. Yamelainika, halafu yakaanza kusambaa, na juu ya maji kukawa na mafuta ya kijani. Nilipoyabonyeza kwa kijiko yalikuwa kama sabuni ya kipande iliyosahaulika kwenye beseni. Harufu ni ya zeituni.

Nimewaonyesha watu wengi ile chupa. Shemeji yangu aliifanya kwa sababu yangu, na ana kisukari. Nimempigia simu kabla ya kuandika hapa. Yuko salama. Jumatano naenda kupigwa skani, sikuwahi kupigwa ya pili, niliamini macho yangu.

NesiMstaafu (Buruburu)

Dada Zeituni, ulichofanya asubuhi hii madaktari wengi hawajawahi kukifanya. Hukumdanganya mtu, ulisema ulichokiona. Nenda Jumatano, na kama hutajali utuambie. Hata ukikuta bado yapo, utakuwa unajua.

MpikaChapati (Umoja)

Nimerudi, ni wiki mbili na nusu sasa. Samahani kwa kimya, simu ilikuwa na mtoto mkubwa, ana mitihani.

Chupa ya zeituni imefunguliwa kwa kachumbari. Nimekuwa nikila uji saa moja kama Nesi alivyosema, na maharagwe saa sita kabla wateja hawajajaa. Supu ya mifupa nimeacha. Nimeshikwa mara moja tu, si kwa nguvu. Nesi, najua usemalo, huenda ningekaa hivyo hata bila uji, kwa hiyo sisemi nimepona. Lakini naendelea na uji, maana hata kichwa kilichokuwa kikiniuma mchana kimepungua.

Nilirudi kwa yule daktari na maswali yangu kwenye daftari. Dawa ya kuyeyusha alinieleza vilevile ulivyoeleza, akasema jiwe langu ni kubwa mno. Kwa matundu wanafanya, na tarehe nimepewa, ni mwezi ujao, Jumanne ya pili. SHA wamenieleza watalipa kiasi gani, kilichobaki chama changu kimekubali kunipa zamu yangu mapema. Binti wa mjomba anakuja kutoka Murang'a kushika kibanda. Chapati zake ni nene kuliko zangu lakini maharagwe anajua kupika.

Nina maswali mawili. La kwanza, nitaweza lini kukanda unga? Nakanda kilo kumi kwa wakati mmoja, ni kazi ya tumbo na mabega.

La pili, daktari akishamaliza, anaweza kunipa hayo mawe niyaone? Nataka niyashike mwenyewe.

NesiMstaafu (Buruburu)

Kazi nyepesi wiki ya kwanza au ya pili, kuhesabu pesa na kupakua. Kilo kumi za unga mwache binti wa mjomba hadi wiki ya nne, pengine ya sita, mpaka daktari akague matundu. Na sufuria ya maharagwe usiinue.

Mawe muombe kabla hujalala usingizi wa ganzi, umwambie muuguzi, siyo daktari. Hospitali nyingine huyapeleka maabara, lakini mimi nilikuwa nikiyaosha na kuyaweka kwenye kichupa kwa kila aliyeniomba.